Nilirukia Mwisho

Jamani, nimekuwa kimya siku nyingi. Leo sina habari ya msimbo wala ya hifadhidata. Nataka kuwasimulia kuhusu riwaya ya mapenzi. Wenye kucheka chekeni mmalize, kisha tuendelee.

Mke wangu alikuwa Machakos kwa mamake, aliyekuwa ametoka hospitali. Mama alipolazwa, mimi nilikuwa katika wiki ya kuzindua mfumo wa mteja, nikasema nitakuja kazi ikiisha. Nilifika siku ya nne. Mama alinipokea vizuri, akaniuliza habari za kazi. Mke wangu hakusema kitu. Nikarudi Nairobi peke yangu, yeye akabaki, na wiki ya tatu ikaanza hivyo. Kwenye simu tulikuwa tunaongea habari za dawa na kodi ya nyumba, basi.

Sisi hutumia akaunti moja ya Kindle. Usiku mmoja nikaona humo kitabu nisichokijua: Kulti, cha Mariana Zapata, Mmarekani, kilichotoka mwaka wa 2015. Mwandishi huyu sikuwa nimewahi kumsikia. Nilikifungua, na sitawadanganya, nilitaka tu kujua mke wangu anasoma nini usiku.

Anayesimulia ni Sal Casillas, mwanasoka wa timu ya kulipwa ya wanawake kule Houston. Nyota mstaafu wa Ujerumani, Reiner Kulti, ambaye Sal alibandika picha zake ukutani alipokuwa mtoto, analetwa kuwa kocha msaidizi wa timu yake. Utadhani moto utawaka kufikia ukurasa wa kumi. Wapi! Mjerumani huyo hata salamu zinamshinda. Kurasa kwa kurasa ni mazoezi, kununiana, na Sal akijisemesha kichwani (anajisemesha mno, mhariri mkali angepunguza robo). Akitoka mazoezini, Sal anakwenda kutengeneza bustani za watu ili apate riziki. Hapo nilidhani mtunzi ametia chumvi. Nikachunguza. Ligi halisi ya wanawake ya Marekani, NWSL, ilipoanza mwaka wa 2013, mshahara wa chini kabisa ulikuwa dola 6,000 kwa msimu mzima. Kumbe! Nami nilidhani ni wachezaji wetu wa Harambee Starlets peke yao wanaohitaji kazi ya pili.

Lakini nilichoka kungoja. Nikafanya kile ambacho mtu wa kompyuta hufanya: niliandika neno la Kiingereza la busu kwenye kisanduku cha kutafuta. Lenyewe hasa liko mbali, karibu na mwisho. Nikabofya, nikasoma ukurasa ule, nikaona nimekielewa kitabu, nikalala.

Sasa sikilizeni. Kindle hukumbuka mahali pa mbali zaidi palipofikiwa katika akaunti. Ukifungua kitabu hicho kwenye kifaa kingine, inakuuliza kama ungependa kwenda huko. Mimi ninayelipwa kuunganisha vifaa vya watu, jambo hilo halikunijia kabisa.

Asubuhi, nikiwa kwenye matatu, ujumbe ukaingia: "Umerukia mwisho."

Maneno mawili tu. Hakuna alama ya kicheko, hakuna salamu. Niliyatazama mpaka nikapitishwa kituo changu.

Jioni nikaingia kwenye akaunti nikaifuta ile rekodi ya mahali pa mbali zaidi (inawezekana, iko kwenye mipangilio ya vitabu vyako), nikaanza ukurasa wa kwanza. Safari hii niliona mistari aliyoipaka rangi. Usiku ule nilikuwa nimeipita kama tunavyopita maelezo ya programu ambayo hakuna anayeyasoma. Hakupaka rangi hata mahali pamoja penye neno la mapenzi. Alipaka pale yule bwana anapotokea tu. Anakuja, anakaa, anacheza nao mpira, hasemi cha maana, na kesho yake anakuja tena.

Nilisoma usiku baada ya usiku, simu ya kazi nikiiacha chumba kingine. Sikupita alipofika yeye. Kitabu ni kirefu, na utani wake mwingine ni wa chooni, lakini kufikia katikati nilikuwa nakasirika Kulti akichelewa.

Ijumaa nilimwomba mwenzangu anishikie zamu, nikapanda gari la Machakos bila kompyuta. Mara ya mwisho kusafiri bila kompyuta siikumbuki. Niliwakuta uani, mama kwenye kiti akiwa na blanketi miguuni, mke wangu akipukuchua maharagwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo hukuleta ule mkoba wako?"

Mke wangu hakuinua kichwa. "Umefika wapi?" akauliza.

"Nyuma yako kidogo."

Akasogeza karai kati yetu, nikavuta kigoda nikakaa. Maharagwe yalikuwa mengi.