Sikukuona

Ndugu zangu, nimekuwa kimya kwa muda na wengine mmeuliza kulikoni. Jibu ni fupi: nilikuwa na mkono mmoja. Wa kushoto ulikuwa umefungwa plasta, ile ngumu, sio ya kubandika kidonda. Kuandika habari kwa mkono mmoja kunawezekana, mhariri wangu alihakikisha hilo. Kuandika kwa raha zangu ndiko kulinishinda.

Ilikuwa Juni 2025, natoka kazini mjini kurudi Tabata kwa baiskeli yangu, Phoenix nyeusi niliyorithi kwa mjomba. Mnaoijua Barabara ya Mandela mnajua malori ya bandarini yanavyopanga foleni pale. Saa kumi na mbili na nusu jioni, jua limeshazama. Huku kwetu giza halibishi hodi. Unaangalia pembeni kidogo, ukirudisha macho barabarani usiku umeshaingia. Fulana yangu nyeusi, begi jeusi, baiskeli nyeusi, na mwenye baiskeli mnamjua, hajawahi kuwa mweupe.

Gari dogo likatoka barabara ya pembeni. Dereva aligeuza shingo, akanitazama, nami nikamtazama. Nikajua ameniona, nikaendelea. Naye akaendelea. Nilianguka juu ya boneti, kisha chini, mkono ukatangulia.

Jamaa alishuka anatetemeka kuliko mimi. "Dogo, nisamehe, wallahi sikukuona." Akanipeleka hospitali, akalipa, akanipigia simu siku tatu mfululizo. Sina ugomvi naye. Ila hilo neno "sikukuona" lilikataa kunitoka, kwa sababu macho yetu yalikutana! Na bado nilijua anasema kweli.

Nikiwa nyumbani na plasta nikafunua madaftari yangu ya kazini. Kuna habari fupi nilizoandika mwenyewe, zile za kujazia ukurasa: mwendesha baiskeli ambaye jina lake halikufahamika mara moja amegongwa na lori, dereva ametoroka, mwili umehifadhiwa. Mistari mitatu. Sikuwahi kurudi kuuliza jina siku ya pili. Sikuwahi kuuliza alikuwa anatoka wapi, au kama barabara ilikuwa na taa. Mimi pia sikumwona, na mimi nalipwa kuona.

Basi mkono ulipopona nikaenda kwa mzee mmoja fundi baiskeli, Buguruni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndio wewe uliyegongwa?" Akaizunguka ile Phoenix mara moja. "Hii baiskeli haina hata jicho moja. Unategemea nini?"

Niliyojifunza kwake, na kwa kusoma huku na huku, nawapa bure. Kizibao cha njano inayong'aa, kama cha bodaboda, ni kizuri sana mchana na jioni kabla ya giza, kwa sababu rangi ile huchukua miale ya jua isiyoonekana kwa macho na kuigeuza kuwa mwanga tunaouona. Usiku jua halipo, na ile njano inabaki rangi tu. Kinachokuokoa hapo ni zile tepe za fedha zilizoshonwa juu yake, ambazo hurudisha mwanga wa taa za gari kulekule ulikotoka, yaani machoni kwa dereva. Lakini zinangoja kumulikwa. Yule anayetoka barabara ya pembeni taa zake zinamulika mbele yake, hazikumuliki wewe unayekuja ubavuni. Kwa hiyo lazima uwe na taa yako mwenyewe, nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Gari likienda kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde. Ukionekana ukiwa mita 20 mbele, umeonekana kwa ajili ya ripoti ya polisi.

Na miguu! Hili lilinishangaza. Reflekta za kwenye pedali, au tepe kifundoni, zina faida kuliko ya mgongoni kwa sababu zinapanda na kushuka. Dereva akiona nukta iliyotulia anaweza kudhani ni kibao au kopo. Akiona nukta mbili zinapishana juu na chini, akili yake inamwambia mara moja: huyo ni mtu.

Kuhusu malori, mzee alinikalisha chini kabisa. Sisi tunaendesha kushoto, dereva wa lori kakaa kulia, juu. Ubavu wa kushoto, karibu na tairi, hapaoni vizuri, na ndipo sisi wa baiskeli tunapopenda kupenya kwenye foleni. Hapo uvae hata taa za disko. Lori likikunja kushoto limekukunja nawe. Usipenye, kaa nyuma.

Vilabu sasa. Nilikuwa nawacheka wale wenye kaptura za kubana na miwani ya kioo cha bluu, nikiamini ni mambo ya watu wenye nafasi. (Kidogo ni kweli. Kuna baiskeli pale ni bei ya kiwanja Mbagala.) Rafiki yangu akanivuta Jumamosi moja alfajiri. Tulikuwa kama thelathini, wawili wawili, kuelekea njia ya Bagamoyo. Wa mbele anapaza sauti "shimo!" na wote nyuma wanarudia. Wa mwisho anasema "gari!" na mstari unabana. Nilishuhudia kwa macho yangu daladala inapunguza mwendo na kusubiri. Daladala! Mtu mmoja kwenye baiskeli ni kikwazo, watu thelathini ni msafara. Ndilo wazo la wale walioanzisha Critical Mass kule San Francisco mwaka 1992, na Nairobi nao wamelichukua. Hapa kwetu UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa Dar, ulipigia kelele njia za baiskeli miaka mingi. Mwendokasi ilipoanza mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ikawa na njia ya baiskeli pembeni. Pita leo uone, unapishana na bodaboda na meza za machungwa.

Lakini raha ya Jumamosi ina kasoro moja: Jumatatu jioni uko peke yako Mandela.

Na kuna jingine. Alfajiri ile, tukiwa tunawaka kama harusi, tulipishana na kijana wa mikate. Kreti tano kwenye karia, hana taa, hana hata kipande cha reflekta. Tulimpita wote thelathini. Mimi nilimwona kwa sababu nilikuwa wa mwisho na nusura nimgonge.

Nikarudi kumtafuta wiki iliyofuata, nimebeba taa ya nyuma mpya kwenye pakiti. Akaishika, akanirudishia.

"Kaka, asante, lakini hii nikiingia dukani kushusha mikate nikitoka siikuti. Na nikiikuta, betri nani ananunua?"

Nilikosa jibu. Na kwamba mimi mwandishi wa habari nilihitaji kuambiwa hivyo ni aibu yangu. Nikarudi kwa mzee fundi, akacheka, akatoa roli ya tepe ya kuakisi, ile ya kubandika nyuma ya malori. Haiibiki bila kuchanika, haili betri. Haiwi taa, ila taa iliyoibwa nayo haimuliki. Kwenye klabu tukachangishana tukanunua roli sita. Wengine walinuna kidogo, wakisema klabu ni ya mazoezi sio ya misaada, lakini walichanga. Tukaanza kubandika: madigadi ya nyuma, kreti, na vipande vyembamba kwenye pedali.

Juzi usiku, sio kwenye baiskeli, niko kwenye gari la ofisi tukirudi kutoka Mbagala na dereva wetu. Mbele, mbali sana, nukta mbili zikaanza kupanda na kushuka. Dereva akaondoa mguu kwenye mafuta bila mimi kusema kitu, akamzunguka kwa mbali. Sikuweza kumjua nani, alikuwa na gunia la mkaa mgongoni kwa karia.

Tumebakiwa na roli mbili. Jumamosi tunakutana Mwenge saa kumi na moja na nusu alfajiri, ya kubandika ni bure. Njoo hata na Phoenix, yangu ndiyo ninayokuja nayo.