Sisi Tuna Hoja

Stendi ya Kange, Tanga, katikati ya Juni 2019. Binti aliyekaa pembeni yangu yuko Kidato cha Nne, anakwenda likizo kwa shangazi yake Mombasa. Kanipa shikamoo, kisha kafungua daftari lililopigwa mistari wima: dhamira, ujumbe, migogoro. Juu ya ukurasa mmoja kaandika Takadini, juu ya mwingine Watoto wa Mama N'tilie. Nikamwuliza Takadini, kile kisa cha mtoto mwenye ualbino, kinaanzaje.

"Mjomba, kitabu chenyewe kipo kimoja, anacho mwalimu. Sisi tuna hoja."

Sikumcheka. Mtihani wetu humtaka mtahiniwa athibitishe kauli kwa hoja tatutatu kutoka vitabu viwili, na orodha ya vitabu imechapwa humohumo kwenye karatasi. Mwenye desa zuri anafaulu bila kugusa jalada. Mimi mwenyewe swali la Ngoswe nililijibu kwa madesa ya kaka yangu. Tamthiliya hiyo ya Edwin Semzaba nilikuja kuisoma nikiwa na watoto wawili, nikacheka peke yangu sebuleni hadi mke wangu akaja kuuliza kulikoni. Karani katumwa kuhesabu watu, kanasa kwenye mapenzi! Miaka yote nilikuwa nayajua hayo kwa jina la "uzembe kazini", hoja ya pili. Kwamba yanachekesha, hakuna aliyeniambia.

Tukafika mpaka wa Horohoro na Lungalunga, tukagongewa mihuri. Upande wa Kenya, Lungalunga, mbadilisha fedha wa makamo aliposikia natoka Tanga akauliza, "Kwa kina Kongowea?" Nikadhani anataja soko la Mombasa. Kumbe anamtaja Kongowea Mswahili wa Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora ya 1996, kijana anayetoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Waliisoma shuleni. Tanga yenyewe hajawahi kuikanyaga, lakini alinisimulia safari ya Kongowea huku akihesabu noti, na noti hakukosea.

Mombasa nilifikia kwa rafiki yangu anayefundisha Kiswahili, akaniingiza darasani. Walikuwa kwenye Kigogo ya Pauline Kea. Mwalimu akaandika ubaoni sentensi moja ya mhusika, akageuka: nani anamwambia nani, wapi, kwa sababu gani? Wenyewe wanaiita muktadha wa dondoo, alama nne. Mvulana wa nyuma akataja msemaji siye. Darasa zima likamzomea, kurasa zikapekuliwa, nakala zimechakaa hadi nyingine zimeshonwa kwa uzi. Nikamkumbuka binti wa basini na mistari yake wima.

Ila jimbo la tamthiliya hiyo, la kubuni, linaitwa Sagamoyo. Mtu wa pwani ya Tanzania hawezi kusikia jina hilo asisikie Bagamoyo, na asijiulize kwa nini hapa moyo haukubwagwa bali umesagwa. Nikauliza. Wanafunzi wakamtazama mwalimu kama wanaoomba ruhusa. Nje aliniambia, "Nani kasema wanajua? Waulize wao wangesemaje, utasikia feni tu." Na katika duka la vitabu tulilopita jioni, miongozo ilikuwa rafu ya mbele, tamthiliya yenyewe nyuma karibu na gundi na rula.

Hata hivyo, ningechagua mwanangu apotee kwa njia ya Wakenya. Aliyelazimika kumtafuta msemaji amekwishafungua kitabu, na akifungua huenda akakutana na kitu ambacho hakuulizwa.

Humo dukani nilinunua Siku Njema, mtu wa Tanga mzima naisoma kwa mara ya kwanza. Nilipokuwa narudi, afisa wa Horohoro akauliza nimebeba bidhaa gani. Nikampa kitabu. Akakigeuza, akasoma jalada la nyuma kuanzia juu hadi chini, kisha akafungua ukurasa wa kwanza, foleni nyuma yangu ikianza kuguna.