Siku Zinazofanana

Liko swali moja ambalo watu wa kazi za kila siku hujiuliza, hata wasipolitamka mbele za wengine: siku hizi zinazofanana zinatufikisha wapi? Mama anaamka gizani, anawasha makala, anachota maji, anashuka sokoni, anarudi, anasonga bugali, analaza watoto. Na kesho yake ni yale yale. Fundi wa mbao anapiga randa mbao ya leo kama alivyopiga ya jana. Sisi tunaoandika mistari hii ni mwalimu wa mwaka wa kwanza katika mji wa Bukavu, na swali hilo tunalijua kama tunavyoijua njia ya kwenda shuleni. Kila Septemba tunaandika ubaoni herufi a. Watoto wanajifunza, wanatuacha, wanapanda mwaka wa pili, nasi tunabaki pale pale, na chaki ile ile mkononi, tukiwangojea wengine wasiojua a.

Shemeji yetu, mume wa dada yetu, ndiye aliyelisema swali hilo kwa sauti. Yeye anachimba dhahabu huko Kamituga. Alitujia wakati wa Noeli, akatuletea mfuko wa mchele na kitenge cha mama wa watoto, na baada ya chakula akatutazama kwa huruma, akasema: «Mwalimu, tangu mwaka 2014 unafundisha a na e. Watoto wale wanasonga mbele. Na wewe, shemeji, unafika wapi?» Kisha akatuambia kwamba katika shimo lao kuna nafasi ya mtu mmoja mwaminifu anayejua kuandika hesabu.

Hatukumjibu usiku ule. Ni mtu mwema, tena hakusema uongo. Mwezi ule mshahara ulikuwa umechelewa, na mchele tuliokula ulikuwa wake. Mtu anayelishwa na shemeji yake hana haraka ya kumfundisha maana ya maisha. Lakini alipokwisha kwenda zake, swali lilibaki nyumbani kama mgeni asiyeaga, likatulazimisha kupitia upya miaka yetu ya kazi, kuangalia kama kweli hakuna kitu ndani yake isipokuwa vumbi la chaki.

Basi, tuwasimulie habari ya mwanafunzi mmoja, bila kumtaja jina. Wasomaji wetu wa Kongo wanajua kwamba tangu miaka ya 1990 wazazi ndio waliobeba mzigo wa kuwatunza walimu kwa malipo yaliyoitwa primu, na asiye na primu mtoto wake alirudishwa nyumbani. Mwezi wa Septemba 2019 ikatangazwa kwamba masomo ya shule za msingi za serikali, pamoja na zile za serikali zinazosimamiwa na makanisa, ni ya bure. Siku zile watoto walishuka milimani kama mvua. Benchi la watoto watatu likakaa watano, wengine wakakaa chini juu ya matofali. Katika mkutano ule alikuwamo binti mmoja wa miaka kumi na miwili, mrefu kuliko wenzake kwa kichwa kizima. Alijichagulia mahali pa nyuma kabisa, ukutani, akakaa ameinama ili urefu wake usionekane.

Binti huyu alikuwa akiuza sambaza pamoja na mama yake katika soko la Kadutu. Kusoma hakujua hata herufi moja. Bali hesabu za fedha alizijua kutuzidi sisi. Tuliligundua siku tulipowauliza watoto bei ya vikombe saba vya sambaza. Darasa zima lilihesabu kwa vidole. Yeye alijibu bila kuinua macho, akaongeza kwamba anayenunua saba hupewa kidogo cha juu, maana ni desturi. Tangu siku ile tukamwita mbele kila tulipofika kwenye hesabu, akawafundisha wadogo kwa mawe na vikombe. Polepole mgongo wake ukanyoka.

Herufi zilimsumbua. Alizijua moja moja, lakini zikiunganishwa zilimponyoka. Hali hiyo iliendelea hata mwezi wa Februari. Asubuhi moja akaingia darasani kabla ya kengele, hakusalimu, jambo lisilo la kawaida kwake, akasema: «Mwalimu, ukuta wa kwetu umeandikwa.» Tukamwuliza umeandikwa nini. Akasema: «Hapa hapauzwi.»

Ninyi mnaokaa katika miji yetu mmeyaona maneno ya namna hiyo kwenye kuta nyingi. Watu huyaandika wakihofia kiwanja kisiuzwe kwa siri na ndugu au na matapeli. Binti yule alipita mbele ya maneno hayo kila siku tangu alipoanza kutembea. Alidhani ni mapambo, au ni alama ya mafundi waliojenga. Jioni ile alikaa mbele ya ukuta, akatamka silabi moja baada ya nyingine, maneno yakafunguka. Akamwita mama yake amwulize ni nani aliyeandika. Mama akamwambia: «Ni baba yako, mwaka aliougua.» Baba alikuwa amekwisha kufa, na binti hamkumbuki sura. Sasa alikuwa amesoma sentensi ya kwanza maishani mwake, nayo ilikuwa ya baba yake, akiwalinda mkewe na mtoto wasifukuzwe nyumbani.

Sisi tulimwambia akae, tukageukia ubao, tukafuta mahali palipokuwa safi.

Tangu siku hiyo tumeyaangalia mambo ya kila siku kwa jicho jingine. Si kwamba yote yana siri ndani yake. Mengine ni uchovu tu, na yapite. Lakini yako yaliyoandikwa ukutani tangu zamani, nasi tunapita mbele yake asubuhi na jioni kwa sababu hatujajifunza kuyasoma.

Na kwa kuwa tumetaja sambaza, turuhusuni kusema kidogo juu ya samaki huyo mdogo, maana watoto wetu humla kila wiki wasijue alikotoka. Zamani hakuwamo katika ziwa Kivu. Kati ya miaka ya 1958 na 1960 wataalamu wa samaki walichukua vifaranga katika ziwa Tanganyika, wakavileta huku juu, ziwa letu likiwa kwenye kimo cha mita 1,460 hivi, wakavimwaga majini. Vilikuwa vya aina mbili. Aina moja ilipotea. Nyingine ilishika, lakini hakuna aliyeiona ikishika. Ilipita karibu miaka ishirini kabla uvuvi wake haujastawi, wavuvi walipojifunza kumwita kwa taa usiku. Leo ukisimama ufukoni jua linapotua utaona mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, watu wakipiga makasia na kuimba; na giza likiingia, taa zao zinaonekana mbali kama mji mwingine. Mwezi unapokuwa mpevu hukaa nyumbani, kwa sababu taa ya mtu haishindani na mwezi.

Miaka ile yote ya kimya, mtu aliyepita ufukoni angeweza kuapa kwamba kazi ya wale wataalamu ilikuwa ya bure. Tunapenda kuwaza habari hiyo tunaposahihisha madaftari usiku, umeme umekatika, ingawa maji ya Ruzizi yanazungusha mitambo karibu nasi.

Hata hivyo tuseme neno moja wazi. Hatuwapendi wale wanaomwambia maskini atosheke na utamu wa mambo madogo. Mshahara ukichelewa, mtoto hali tafakari. Mwalimu ana haki ya kudai malipo yake, na mama wa soko ana haki ya kudai barabara isiyo na mashimo na kodi isiyotozwa mara tatu. Anayetumia maneno mazuri juu ya maisha ya kila siku ili watu wanyamaze, huyo anauza maneno. Sisi tunasema jambo lingine: kwamba hata mtu anayedai haki yake anaishi siku ya leo, na siku ya leo inaweza kumkuza au kumpita tu.

Katika seminari ndogo tulikosomea, kabla ya kulala ilikuwapo robo saa ya kimya. Kila mmoja alipitia siku yake tangu kengele ya asubuhi: nimefanya nini, nimepokea nini, nimemkosesha nani. Wakati ule wengi wetu tulisinzia. Upadri haukuwa njia yetu. Robo saa ile tumebaki nayo. Tumeileta nyumbani, tukaibadilisha kidogo kwa ajili ya watoto. Baada ya chakula, makala yakiwa bado na moto ndani ya mbabula, kila mtu anataja jambo moja aliloliona leo ambalo jana hakuliona.

Msifikiri ni kikao cha watakatifu. Kijana wetu wa kwanza, mwenye miaka tisa, hutaja mpira kila siku. Mdogo wake alitaja kwa juma zima mbwa mmoja wa jirani, mpaka tukaenda wote kumtazama mbwa huyo, tukakuta kweli ana jicho moja la buluu. Mama wa watoto, ambaye amekuwa akisimama tangu alfajiri, alituambia jioni moja: «Leo sikuona kitu isipokuwa uchovu. Nao uhesabuni.» Tukauhesabu. Siku ya pili yake mtoto mkubwa akachukua ndoo bila kuambiwa, akashuka kisimani. Jioni hakulitaja jambo hilo, alitaja mpira. Mama yake ndiye aliyelitaja.

Mwezi wa Februari 2025, vita vilipofika Bukavu, tuliijaribu robo saa hiyo kuliko siku zote. Hatutaki kuandika habari za vita hapa; wengine wameziandika, na wenye kufiwa wanazijua bila kuandikiwa. Tunasema tu kwamba shule zilifungwa, mabenki yakafunga milango, nasi tukakaa nyumbani siku kadhaa na watoto tukisikiliza mitaa. Jioni ya kwanza hakuna aliyetaka kusema. Ya pili, mdogo alisema ameona kwamba chungu wanabeba wenzao waliokufa. Tukanyamaza kitambo. Kisha mkubwa akamwuliza wanawapeleka wapi, na mazungumzo yakaendelea mpaka usingizi ukawachukua. Usiku ule watoto walilala.

Shule zilipofunguliwa tena, watoto waliokuja darasani kwetu siku ya kwanza walikuwa wachache. Tulijiuliza tuwafundishe nini baada ya mambo yale. Mwishoni tuliandika ubaoni herufi a, kwa mwandiko mzuri kuliko kawaida yetu, nao wakaiandika, ulimi nje, kama wafanyavyo watoto wote wanapoandika kwa bidii. Zamani herufi ile ilituchosha. Asubuhi ile tuliishika kama mtu anavyoshika ukingo wa mtumbwi.

Mtatuuliza habari za binti yule. Hakumaliza shule ya msingi. Alifika mwaka wa nne, mama yake akaugua, akarudi sokoni, na sasa ni mwanamke kijana mwenye meza yake. Wengine wangesema kazi yetu kwake ilipotea, na kwa upande fulani tunahuzunika pamoja nao, maana kichwa kile kingeweza kufika mbali. Lakini tulipopita mezani kwake hivi karibuni alitutolea daftari. Ndani yake ameandika madeni ya wateja wake, jina kwa jina, tarehe kwa tarehe, na kando ya majina mengine ameweka alama ndogo. Tukamwuliza alama hiyo ni ya nini. Akasema: «Hao wana shida, mwalimu, siwaulizi.» Akatupimia sambaza vikombe viwili, akaongeza cha juu, akakataa tusilipe.

Shemeji yetu ametuma neno tena kutoka Kamituga. Nafasi ya mwandishi wa hesabu bado iko, anasema, lakini haitatungoja daima. Tumezungumza na mama wa watoto juu ya jambo hilo usiku mwingi, tena kwa uzito, kwa sababu karo ya mtoto mkubwa inakaribia na paa linavuja upande wa jikoni. Tumemjibu kwamba tunamshukuru kwa moyo wote, na kwamba mwaka huu tuna watoto wawili wanaochanganya b na d, na mmoja ambaye bado hajasema neno lolote darasani tangu alipohamia mjini. Amecheka katika simu, akasema sisi walimu ni watu wa ajabu, akauliza kama mchele umekwisha.

Jumatatu, mvua isiponyesha, tutawatoa watoto nje darasa zima, wawili wawili wakishikana mikono, twende kusoma kuta za mtaa.