Wanzuki wa Mama

Mwaka juzi, mwezi wa Julai, mimi na mshikaji wangu mmoja wa Ng'ambo tulikaa chini ya mwembe tukapanga safari ya kwenda kunywa pombe. Usicheke, msomaji. Walevi hatukuwa, na mfukoni hatukuwa na pesa ya kutulevya. Ilikuwa safari ya kazi. Nilikuwa naandika riwaya (bado naiandika), na sura ya tatu ilikuwa imenikwama kama mwiba wa samaki.

Riwaya yenyewe inamhusu mpagazi wa Kinyamwezi, kijana wa rika letu, anayebeba pembe kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo. Mzigo frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushee, siku baada ya siku, kwa miguu. Katika sura ya tatu kijana amerudi salama, na jioni wanakaa uani kwenye tembe wanakunywa. Niliandika: "Wakanywa pombe tamu, wakafurahi." Mshikaji akasoma, akalifunga daftari taratibu.

"Tamu namna gani?"

Nikanyamaza.

"Wewe umekulia kwenye pombe bwana, halafu unaandika kama mtu wa kusimuliwa!"

Maneno hayo yaliniingia, maana ni kweli. Mama yangu alikuwa mpika pombe. Nyumba tuliyopanga ilikuwa na ua wa nyuma, na ua ule ulikuwa kilabu. Wiki hii kangara, wiki ijayo wanzuki, ikitegemea asali imepatikana kwa bei gani. Ada yangu ya sekondari, kidato cha kwanza mpaka cha nne, ilitoka katika mapipa yale. Lakini mimi nilikuwa nikipita uani nimebana pumzi. Nilijifunza kubana pumzi toka mlangoni hadi chumbani, hatua kumi na nane. Ndiyo maana sikuweza kuandika harufu. Sikuwahi kuivuta.

Basi tukaamua tutafute pombe mpaka tuipate. Niliwahi kusoma gazetini kwamba kule Ubelgiji na Marekani watu hufunga safari kwenda kutembelea viwanda vidogo vya bia, kimoja asubuhi, kingine mchana, na ugomvi wao mkubwa ni nani ataendesha gari na kwa hiyo hatakunywa. Sisi ugomvi huo hatukuwa nao. Gari hatuna. Ila ukikosa gari, kila kitu kinageuka hesabu: utafikaje, utarudije, giza litakukuta wapi, na dereva wa bodaboda atakayekurudisha ameshinda akifanya nini. Kwenye karatasi ya kwanza tukaandika sharti moja kwa herufi kubwa: HAKUNA KUPANDA BODABODA YA MTU ALIYEKUNYWA. Mshikaji ana kovu la goti, anajua anachosema.

Shauri la kwanza lilikuwa treni. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914, na toka hapa unaweza kwenda Urambo, mji unaobeba jina la mtemi Mirambo, ukashuka, ukatafuta kilabu. Shauri zuri kwenye ramani. Lakini treni ina siku zake na saa zake, nayo hufika kwa saa zake nyingine. Ukishashuka usiku wa manane Urambo huna mwenyeji, hiyo si safari ya riwaya tena, hiyo ni kasheshe. Tukaifuta.

Shauri la pili lilikuwa kuchapa lapa. Kwihara si mbali, saa moja na nusu kwa mguu ukiwahi kabla ya jua. Hapo ndipo ilipo ile tembe aliyokaa Livingstone mwaka 1872. Stanley alimwacha pale mwezi Machi, naye akangoja wapagazi mpaka Agosti ndipo akaondoka. Hakurudi tena yeye. Kilichorudi Oktoba 1873 ni maiti yake, imebebwa na akina Chuma na Susi kuelekea pwani. Tulikwenda kweli Jumamosi moja. Nilisimama mbele ya ule mlango wa mbao wa nakshi nikajaribu kumwona mpagazi wangu. Pombe tuliyoipata njiani ilikuwa ya mtama, nzito, ya kutafuna kuliko ya kunywa. Mshikaji akamaliza kopo. Mimi nilikunywa nusu nikaandika kwenye daftari: "chachu, uji, majivu." Maneno matatu, na hata hayo sikuyaamini. Tulirudi tumechoka, ulimi umekauka.

Naomba niseme jambo hapa. Vitabu vimejaa majina ya Wazungu waliopita njia hii. Burton na Speke walifika Kazeh, yaani hapa hapa petu, Novemba 1857, baada ya miezi zaidi ya minne toka pwani. Sawa. Lakini wapagazi walikula nini, nani aliwapikia, nani aliwauzia pombe jioni? Lazima walikuwapo wanawake waliokesha wakichochea moto ili msafara ukifika ukute kitu kimeiva. Mwanamke huyo hakuwamo katika riwaya yangu. Nilikuwa nimemruka, hatua kumi na nane, pumzi nimebana.

Shauri la tatu nililijua tangu mwanzo, ila sikulitaja. Mshikaji ndiye aliyelitaja.

"Kwa nini tusiende kwa bi mkubwa?"

Mama alihama mjini miaka minne iliyopita, akarudi kwao kumwangalia bibi. Kijiji chao kiko mbele ya Sikonge, njia ya Ipole, huko kwenye miombo na mizinga. Sikonge siku hizi ni lami, basi halichukui muda. Kutoka hapo ndipo kazi inapoanza. Sababu ya kutolitaja si umbali.

Nikiwa kidato cha pili, mama alikuja shuleni kulipa ada. Alikuja moja kwa moja toka kwenye mapipa, kanga ina madoa, noti zimekunjwa ndani ya leso. Wenzangu walikuwa wamesimama nami barazani. Mmoja akauliza, "Nani yule?" Nikajibu, "Dada wa kazi, katumwa na nyumbani." Mama alikuwa hatua tatu kutoka pale. Alinipita, akaingia ofisini, akalipa, akatoka na risiti, akanikabidhi kwa mikono miwili kama vile mtumishi anavyomkabidhi bosi. Hakusema neno. Jioni nilikuta chakula changu kimefunikwa kama kawaida. Hatujawahi kulizungumza.

Nikampigia simu.

"Unaumwa?" ndilo lililokuwa swali lake la kwanza.

"Siumwi, mama. Nataka kuja. Nataka kuona unavyopika wanzuki."

Kimya kidogo. Nikadhani mtandao umekata.

"Asali ipo," akasema. "Uje lini?"

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba pombe nayo ina ratiba yake kuliko hata treni. Wanzuki ukiuwahi ni maji ya asali tu. Ukiuchelewesha unakuwa mkali, unachoma kifua. Kwa hiyo huangalii basi kwanza, unaangalia pipa. Mama akapanga: mfike Alhamisi mchana, tupike, ilale Alhamisi na Ijumaa, Jumamosi asubuhi mnywe, na saa sita muwe barabarani. Karatasi zetu zote za mwembeni tukazitupa.

Alhamisi tulipanda basi la asubuhi, Sikonge tukala mihogo na chai. Kutoka hapo tulipata lifti ya lori la magunia hadi njia panda, kisha mguu. Saa nzima katikati ya miti, mizinga ya magome imetundikwa juu, vumbi jekundu hadi magotini. Mshikaji akajitwisha begi kichwani eti yeye mpagazi. Hakufika mbali nalo.

"Mwadila," mama akatuita kabla hatujafika mlangoni.

"Shikamoo mama," mshikaji akainama.

"Marahaba, baba. Karibuni. Nawa mikono, kazi haingoji."

Akamwaga asali na masega yake katika maji ya vuguvugu, akaniambia nikoroge. Maji yakiwa ya moto mno, pombe haichachi. Yakiwa baridi, inalala. Hutumia kiwiko kupima, kama maji ya kumwogesha mtoto. Nta ikapanda juu, tukaichuja. Kisha akatia machicha ya pombe ya wiki iliyopita, hayo ndiyo chachu, akafunika pipa, akalivika blanketi mbili na kulisogeza karibu na moto. Usiku aliamka mara tatu kuweka sikio kwenye pipa. Mara ya tatu akaniamsha.

"Sikiliza."

Nikaweka sikio. Ndani kulikuwa na sauti kama mvua ya mbali juu ya majani. Na harufu, msomaji: maua, moshi, mkate unaoumuka, na chini yake kitu kikali kama jasho safi. Niliivuta yote. Nilikuwa naijua. Ilikuwa harufu ya daftari zangu zote za shule.

"Mama," nikasema. "Ile siku ya ada."

"Funika, baridi inaingia," akasema. Halafu, akiwa bado ameinama kwenye blanketi: "Ile risiti unayo?"

"Ninayo." Na ni kweli, ninayo hadi leo.

"Basi."

Jumamosi tulikunywa kopo moja moja, yeye akitutazama nyuso. Kwa njia akatujazia dumu la lita tano, na kuonya kwamba wanzuki bado unafanya kazi, mfuniko usikazwe. Kwenye basi konda alinusa, akaligusa dumu kwa mguu.

"Nini hii?"

Mshikaji akaangalia dirishani, akaniachia.

"Wanzuki," nikasema. "Kapika mama yangu."

"Mnauza?"

Hatukuuza. Ila nilikuwa nimeukaza ule mfuniko kwa hofu ya kumwaga, na kabla ya kufika Tabora ukaruka hadi darini. Mzee wa kiti cha mbele aliloa mgongo mzima. Alijipangusa shingo, akaonja kidole, akageuka.

"Wa wapi huu?" akauliza.

Tukamjazia kifuniko cha chupa yake ya chai, na njia nzima iliyobaki alinieleza mama yake alivyokuwa akiupika. Niliandika mgongoni mwa tiketi mpaka nafasi ikaisha.