Saa Mbili Kamili Usiku

Baba yangu ni mkulima wa korosho huko Newala, na kwake taarifa ya habari ina wakati wake kama swala. Enzi za redio, ikilia tu ile ngoma ya Radio Tanzania, nyumba nzima tulinyamaza. Hata mtoto aliyekuwa anasubiri viboko alipata nafuu ya muda. Alipokuja kununua televisheni ratiba haikubadilika: saa mbili kamili usiku, kimya.

Msimu wa 2018 ndio ulionifanya niitazame upya taarifa ya habari. Wakulima wa kusini waligoma kuuza mnadani, bei zilikuwa chini. Tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi litazisomba. Mimi nilikuwa Mbagala, nimekaa mbele ya televisheni, naangalia malori ya jeshi yamepangwa mstari. Simu ikaita. "Umeona, mwanangu? Mambo si hayo!"

Kisha zikaanza wiki za kusubiri. Kila usiku Baba alikaa kwenye kiti chake na kila usiku akaonyeshwa malori. Akaonyeshwa waziri yuko ghalani, kesho yake mkuu wa mkoa yuko ghalani. Kiongozi amewataka wakulima kuwa watulivu. Kiongozi mwingine amewaonya wanunuzi wa kangomba. Haya, sawa. Lakini Baba alikuwa na maswali matatu tu: uhakiki unafanywaje, vyama vipi vinaanza kulipwa, na mwenye korosho nyingi anayetakiwa kukaguliwa shamba amsubiri nani, wapi?

Hakuna aliyemjibu. Akawa ananipigia, "Wewe uko huko Dar, hebu niulizie." Yaani mtu aliye hatua chache kutoka ghalani anauliza habari za ghala kwa mtu wa Mbagala! Na mimi nilichokuwa nacho ni malori yale yale.

Januari ikafika. Mjukuu anayeishi naye anaanza kidato cha kwanza, anataka sare, godoro, ndoo. Deni la salfa halijalipwa. Nyumbani kulikuwa na magunia mawili yaliyobaki, na Baba, aliyewasema watu wa kangomba maisha yake yote, akayauza kwa mlango wa nyuma kwa bei ambayo mpaka leo hataki kuitaja. Siku chache baadaye jina lake likabandikwa kwenye orodha ya malipo. Karani wa chama cha msingi alimweleza utaratibu wote kwa dakika tano. Dakika tano! Taarifa ya habari ilikuwa na miezi miwili.

Nilimsimulia hasira zangu rafiki yangu aliyewahi kuwa mwandishi wa mkoani. Hakubisha. Akaniambia wao walilipwa kwa habari moja moja. Ukienda kwenye warsha, gari umetumiwa, mgeni rasmi anaongea saa moja, jioni habari imetoka. Ukitaka kufuatilia uhakiki wa korosho, unahitaji siku tatu, nauli yako, na msimamizi atakayekuuliza, "Kiongozi gani kasema?" Ukileta maneno ya mkulima peke yake, hiyo inaitwa malalamiko. Kwa hiyo kamera inakwenda inakobebwa.

Tangu hapo nimekuwa nikihesabu vitenzi. Jaribu na wewe usiku mmoja: amewataka, amewaasa, ameagiza, ametoa wito. Vyote ni vya mtu mmoja aliyesimama mbele ya watu waliokaa. Ni mara chache utasikia walichojibu wale waliokaa, au kama agizo la mwaka jana lilitekelezwa.

Sisemi zamani ilikuwa pepo. Redio ya utoto wangu nayo ilijaa ziara za viongozi. Ila televisheni ilikuja na ahadi yake: sasa tutajionea wenyewe. Kwa muda tulijionea kweli, mpaka wajumbe wakizozana bungeni. Januari 2016 Serikali ikatangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, sababu ni gharama. Tukabaki na vipande vilivyochaguliwa. Picha zimekuwa safi zaidi, lakini tunachokiona ndani yake kimepungua.

Mwaka jana nilikwenda Newala. Saa mbili ilipofika nikanyamaza kwa mazoea, nikampunguzia mwanangu sauti ya mchezo wake wa simu. Televisheni iliwaka kama kawaida. Msomaji akaanza, kiongozi akawataka wananchi sijui nini.

Baba akanigeukia. "Enhe," akasema, "ulikuwa unaniambia nini kuhusu kazi yako?"

Aliendelea kuongea mpaka michezo.