Sungura wa Bustanini: Lala Chini Ndipo Utamwona



Mwezi huu nataka kuwatembeza mahali ambapo hapadai nauli: bustani zetu za nyuma ya nyumba, hapa Nakivale. Kambi hii ni ya zamani, ilitambuliwa rasmi mwaka 1960. Wanyarwanda, Wakongo, Warundi, Wasomali, wote wamepita hapa na wengi wameshika jembe. Lakini tuko na majirani wengine ambao hawana kadi ya mgao: sungura wa porini.

Wanatoka vichakani jioni giza likianza kuingia, tena alfajiri kabla jua halijapanda. Wanatafuna maharage machanga. Na tangu mwaka 2020 mgao umepunguzwa mara kadhaa, kwa hiyo kila jani la maharage lina hesabu yake. Ndiyo maana sungura tunamjua kwa mgongo tu: yeye mbele, jiwe nyuma. Watoto wa darasa langu nikiwaambia wamchore, wengi wanachora mkia na miguu ya nyuma!

Mimi nampiga picha kwa simu ya kawaida, na njia yenyewe ni hii. Fika mapema kuliko yeye. Kaa mahali ambapo upepo unatoka kwake kuja kwako. Tandika gunia kati ya matuta mawili, lala kifudifudi. Simu igeuze kichwa chini ili jicho la kamera likaribie udongo, uiegemeze kwenye tofali au kandambili. Zima taa yake na sauti. Halafu tulia kabisa. Usimfuate, sababu macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote mpaka nyuma. Ngoja yeye mwenyewe akukaribie.

Hapo utashangaa. Ukipiga umesimama, unapata kitu kidogo cha rangi ya udongo. Ukipiga kutoka chini, maharage yanakuwa msitu, na sungura anasimama mrefu kupita kilima cha nyuma. Jua la asubuhi likiwa nyuma yake, masikio yanang'aa mekundu, mishipa ya damu unaiona.

Ukilala hivyo unajifunza pia. Huyu si ndugu wa karibu wa sungura tunaofuga. Yule wa kufugwa anachimba shimo, na watoto wake wanazaliwa uchi, macho yamefumba. Huyu wa porini analala juu ya ardhi, kwenye kibonde kidogo katika majani. Watoto wake wanazaliwa na manyoya, macho wazi. Mama anawaacha peke yao mchana kutwa, anarudi giza likiingia kuwanyonyesha. Kwa hiyo watoto, mkimkuta mdogo ametulia kwenye majani, msimbebe nyumbani ati ni yatima. Mama yake yupo. Na wazazi, kuzuia hasara, zungushieni miche matawi ya miiba.

Kuna jambo lingine nimelifikiria nikiwa pale chini. Sisi wenyewe tunajua kupigwa picha. Mgeni anakuja na kamera kubwa, anasimama, mtoto amekaa chini na sahani yake. Picha ikitoka, mtoto ni mdogo, vumbi ndilo kubwa. Pengine hana nia mbaya, ila hakuinama.

Basi sisi tuiname. Siku ukimpiga picha mama yako akipalilia, piga magoti kwanza, uso wake uonekane na anga nyuma yake. Picha hiyo ndiyo uwatumie ndugu waliobaki Fizi na Uvira, ama waliohamia Marekani na Kanada, waone tunavyoishi.

Wanafunzi wangu wameshaanza zamu za alfajiri, watatu watatu, kwa simu moja. Mzazi mwenye bustani karibu na kichaka, ukiwakuta wamelala kwenye matuta yako, tafadhali usiwafukuze. Wapitie polepole.

Mwalimu wenu wa kujitolea