Milango ya Bweni

Mnamo Desemba 2023, nilipomaliza muhula wangu wa kwanza chuoni na kurejea nyumbani Endarasha, nyanya yangu hakuniuliza habari za masomo. Alinimiminia chai, akasubiri nipige mafunda mawili matatu, kisha akasema:

"Huko unakolala, mna milango mingapi?"

Nilicheka. Nikamweleza kwamba mabweni yetu ni ya ghorofa, yamezunguka kiwanja cha nyasi pande zote nne, na kwamba jioni wanafunzi hukaa hapo kuzungumza.

"Sikuuliza uzuri wake, mjukuu wangu. Nimeuliza milango."

Insha hii ni jibu langu lililochelewa.

Umbo la mabweni kuuzunguka ua lina historia ndefu. Katika chuo cha Merton, kule Oxford, upo ua uitwao Mob Quad ambao ujenzi wake ulianza karne ya 13 na kukamilika karne ya 14. Majengo yamesimama pande nne, na vyumba hufikiwa kwa ngazi zinazoanzia uani. New College, kilichoasisiwa mwaka 1379, kilikusanya kanisa, ukumbi wa kulia, maktaba na vyumba vya kulala kuuzunguka ua mmoja. Mpangilio huo haukuwa pambo tu. Mnamo Februari 1355 ugomvi ulioanzia kilabuni baina ya wanafunzi na wenyeji wa mji wa Oxford uligeuka mapigano, na watu wengi wakauawa. Katika mji wa namna hiyo, kuta nne na lango lenye bawabu zilikuwa kinga: aliyelala ndani alihifadhiwa na shari ya nje.

Hata hivyo, lango moja laweza kuwa na maana nyingine kabisa.

Chuo Kikuu cha Kenyatta, ninakosomea, kimesimama mahali palipokuwa kambi ya jeshi la Uingereza iliyoitwa Templer Barracks. Kambi hiyo ilikabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 1965, ikawa Chuo cha Kenyatta. Mwaka 1970 kikafanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1985 kikawa chuo kikuu kamili. Jina la kambi lilimuenzi Gerald Templer, aliyeitawala Malaya kuanzia 1952 hadi 1954, wakati Waingereza walipokuwa wakiwakusanya raia katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge ili wapiganaji wa msituni wakose chakula. Mbinu hiyo ilivuka bahari. Kuanzia mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, zaidi ya watu milioni moja wa kwetu walihamishwa kutoka kwenye maboma yao na kutiwa katika vijiji zaidi ya 800.

Nyanya yangu alikuwa na umri wa miaka kumi. Kabla ya familia yao kuhamia Endarasha baada ya uhuru, aliishi katika kijiji kimojawapo cha Nyeri. Anakikumbuka kwa umbo lake: nyumba zilizopangwa kwa mistari, handaki lililosimikwa vijiti vilivyochongwa, mnara wa mlinzi, na lango moja. Lango hilo lilifungwa jioni, na aliyelifunga hakulala ndani.

Nilidhani swali lake lilitoka huko tu. Kisha, usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, moto uliteketeza bweni la wavulana katika shule ya Hillside Endarasha Academy. Watoto 21 walifariki. Nchi nzima iliomboleza kwa siku tatu. Kwetu kijijini matanga hayakuhesabika kwa siku. Nilipopiga simu nyumbani, nyanya hakusema neno juu ya swali lake. Mimi ndiye niliyelikumbuka, nikaona haya kwa kicheko changu.

Wenzangu walinifariji kwa kusema kwamba ajali haina kinga. Naiheshimu methali hiyo, lakini kwa jambo hili sikubaliani nayo. Mwaka 2001, wavulana 67 waliangamia katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unaagiza kila bweni liwe na mlango kila mwisho na mwingine wa dharura katikati. Milango ifunguke kwa nje. Madirisha yasiwe na vyuma. Na baina ya vitanda pawe na nafasi ya mita 1.2. Kinga imekwisha kuandikwa. Lakini shule ya bweni niliyosomea zamani ilikuwa na vyuma madirishani na kufuli mlangoni, nasi tuliambiwa kwamba ni kwa ajili ya usalama wetu. Hakuna aliyeuliza ni usalama dhidi ya nani.

Niliporudi chuoni niliuzunguka ule ua wetu, safari hii bila kutazama nyasi. Nilihesabu milango, nikausukuma mmoja mmoja. Kisha nikampigia simu nyanya, nikamtajia idadi. Alinyamaza kidogo.

"Na funguo anazo nani?"

Ndugu msomaji, wengi wetu tunaosoma Kiswahili hapa tutakuwa walimu, na walimu wa shule za bweni hushika zamu za usiku. Tutafundisha ushairi na sarufi mchana. Usiku tutakabidhiwa funguo. Siku hiyo ikifika, kabla ya kuuliza orodha ya majina ya wanafunzi, na tuizunguke nyumba wanayolala, tuihesabu milango yake.